Finch Hatton: mwindaji aliyeitetea nyika isiyo na mwenyewe

Mtu akisimama upande wa juu wa kijiji cha Raila, huko Kibera, asubuhi isiyo na ukungu, ataviona vilima vya Ngong vikiwa vimejipanga kama vifundo vya ngumi. Katika mgongo mmoja wa vilima hivyo amezikwa Mwingereza aliyeitwa Denys Finch Hatton. Wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza kutokana na ile sinema ya mwaka 1985, ambamo Mmarekani Robert Redford aliigiza kama yeye. Lakini sinema ilimwonyesha zaidi kama mpenzi wa bibi mmoja wa Kidenmark. Kazi iliyompa riziki ilikuwa uwindaji, na ni kwa uwindaji huo msomaji anastahili kumjua, maana maisha yake yanagusa swali ambalo halijapata jibu hadi leo: mnyama wa porini ni mali ya nani? Je, ni wa serikali, ni wa mwenye shamba, au ni wa yule jirani ambaye mahindi yake huliwa usiku?

Azaliwa kabaila

Denys George Finch Hatton alizaliwa London tarehe 24 Aprili 1887, katika ukoo wa makabaila wa Winchilsea. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume, na kwa desturi za Waingereza cheo na mali ya ukoo vilimwendea kaka yake. Alisoma Eton, kisha Chuo Kikuu cha Oxford, mahali ambapo husemekana alipenda michezo na maskani kuliko vitabu vya mitihani. Alikuwa mrefu wa kimo, mwenye upara uliomjia mapema, ndiyo sababu kofia haikumbanduka kichwani.

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka kama 24, alifika Afrika Mashariki. Alinunua ardhi upande wa Uasin Gishu, akajaribu biashara za namna kwa namna, na Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka akajiunga na jeshi, kwanza katika kikosi cha rafiki yake Berkeley Cole, na baadaye akawa msaidizi wa Jenerali Hoskins. Kabla vita havijaisha alipelekwa Misri kujifunza kurusha ndege. Elimu hiyo ndiyo iliyokuja kumpa furaha yake kubwa, na ndiyo iliyomtoa roho.

Ardhi za namna tatu

Ili kumwelewa mtu huyu yafaa kwanza tujue sheria ya siku zile. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeigawanya nchi mafungu matatu kwa habari ya wanyama. Fungu la kwanza lilikuwa hifadhi, kama ile Hifadhi ya Kusini iliyoanzia karibu na Nairobi na kuteremka hadi mpaka wa Wajerumani. Humo uwindaji ulikatazwa. La pili lilikuwa ardhi ya Mfalme, yaani nyika ya wazi isiyo na mwenyewe. Huko mwenye leseni aliingia, akapiga idadi aliyoruhusiwa, akaenda zake. La tatu lilikuwa mashamba ya Wazungu, ambamo mwenye shamba ndiye aliyeamua nani aingie na bunduki na nani arudie langoni.

Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipokuja mwaka 1909 aliwinda katika ardhi za wazi na katika mashamba ya watu pia. Alikaribishwa na Sir Alfred Pease huko Kitanga na tajiri McMillan huko Juja, akatembea mashambani mwao kama mgeni wa heshima. Yeye na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512 katika safari ile.

Mwafrika hakuwa na nafasi yake katika hesabu hiyo. Mitego, mashimo na mishale ya sumu aliyorithi kwa babu zake vilipigwa marufuku, na leseni ya bunduki ilikuwa mbali naye kama mwezi. Aliyekuwa mwindaji jana, leo akaitwa jangili, ingawa hakuhama kijiji wala hakubadili kitoweo.

Kibera yenyewe ni ushahidi wa jinsi ardhi ilivyokuwa ikigawanywa kwa kalamu. Mwaka 1918 serikali ilitenga ekari 4,197 za mahali hapo kwa matumizi ya jeshi la K.A.R., na hapo ndipo walipokaa askari Wanubi waliostaafu pamoja na jamaa zao. Jina lenyewe hutokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wazee husema kwamba Laini Saba ilipata jina lake kwa mistari ya uwanja wa kulengea shabaha. Hivyo walikuwako watu weusi waliojua bunduki vizuri sana, lakini walizishika kwa amri ya serikali, si kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani.

Simba katika kahawa

Ng'ambo ya huko, chini ya vilima vya Ngong, palikuwa na shamba la Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmark. Finch Hatton alijuana naye mwaka 1918, na baada ya bibi huyo kuachana na mumewe Bror, ambaye pia alikuwa mwindaji, Finch Hatton alifanya nyumba ile kuwa makao yake kila aliporudi kutoka safarini. Shamba lilikuwa na ekari 6,000. Kahawa ilichukua ekari 600 hivi, ekari 1,000 walipewa maskwota, wengi wao Wakikuyu, ambao waliilipia kwa kazi ya siku kadhaa kila mwaka, na sehemu iliyobaki ilikuwa msitu na majani.

Katika kitabu chake cha mwaka 1937 Karen amesimulia kisa kinachoonyesha jinsi ardhi ya mtu binafsi ilivyosimamiwa. Simba wawili waliingia zizini usiku, wakaua maksai wawili na kuwaburuta hadi katikati ya mikahawa. Msimamizi wa shamba alitaka mzoga utiwe sumu. Karen akakataa katakata. Finch Hatton alikuwako, basi usiku uliofuata wakaenda wawili wao, bibi akishika kurunzi na bwana akishika bunduki, na simba wote wawili wakaangushwa. Watoto wa shule ya usiku ya hapo shambani wakatoka mbio kuja kutazama.

Tukitazama kisa hiki kwa makini tutaona kwamba palikuwa na mtu wa kusema hapana. Sumu ingeweza kuua simba, fisi, mbweha, tai na mbwa wa maskwota. Mwenye shamba alikataa, na neno lake likawa sheria. Hiyo ndiyo faida ya ardhi yenye msimamizi. Lakini hasara yake nayo imo katika kisa hicho hicho. Maskwota walioishi hapo na ng'ombe wao hawakuwa na neno. Hata Wamasai wa jirani, ambao tangu zamani walimkabili simba kwa mkuki, ilibidi wakati mwingine waende kumwomba Mzungu mwenye bunduki awasaidie.

Motokaa Serengeti

Kuanzia mwaka 1925 hivi Finch Hatton alianza kuwaongoza matajiri wa Ulaya na Marekani porini kwa malipo. Sifa zake zilienea upesi. Mwaka 1928 alichaguliwa kumwongoza Edward, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza. Safari ile ilikatizwa Tanganyika ilipofika habari kwamba Mfalme George wa Tano alikuwa mgonjwa sana. Mwaka 1930 mwana wa mfalme alirudi, naye Finch Hatton akamwongoza tena, na safari hii kamera ilitumika sana pamoja na bunduki.

Katika miaka hiyo jambo jipya lilikuwa limeingia nyikani, nalo ni motokaa. Zamani mwindaji alitembea kwa miguu majuma kadhaa, akachoka, akakosa, na uchovu huo peke yake uliwalinda wanyama. Sasa watu waliweza kufika uwanda wa Serengeti kwa gari, wakamkaribia simba ambaye hakujua kwamba gari ni hatari, wakampiga wakiwa wamekaa kitini. Simba hakuwa na ulinzi wa maana katika sheria, kwani alihesabiwa miongoni mwa wanyama waharibifu. Nyika ilikuwa ya Mfalme, na Mfalme alikuwa mbali. Kwa ufupi, ilikuwa ardhi ya kila mtu mwenye petroli.

Finch Hatton aliona aibu kwa jambo hili. Aliandika katika gazeti la The Times la London akiushutumu uwindaji wa garini na kuitaka serikali iilinde Serengeti. Wakubwa wa Tanganyika hawakufurahia kusutwa hadharani, wakajibu, naye hakunyamaza. Baadhi ya wataalamu wa Uingereza wakamwunga mkono. Mwaka 1929 serikali ikatenga sehemu ya Serengeti kuwa hifadhi kamili. Mbuga ya taifa ilikuja baadaye, mwaka 1951, wakati yeye alikuwa amekufa zamani.

Wako watakaosema kwamba mtu aliyepata mkate wake kwa kuua wanyama hakuwa na haki ya kuwatetea. Kweli, alikuwa na faida yake, maana simba wakiisha na wateja wataisha. Lakini hoja yake ilisimama. Ardhi ya umma isiyo na mlinzi haiwi ya umma, bali huwa ya yule mwenye chombo cha kasi zaidi.

Ajali ya Voi

Mwaka 1930 alinunua ndege ndogo aina ya Gipsy Moth. Alikuwa na nyumba Takaungu, kaskazini ya Mombasa, na aliipenda njia ya angani kati ya bara na pwani. Tena aliwaza kwamba ndege ingeweza kumsaidia kutafuta makundi ya ndovu kutoka juu. Ajabu ni kwamba mtu aliyelaani motokaa hakuona ubaya wa kumchungulia ndovu kwa ndege. Pengine angekuja kuuona kama angeishi.

Tarehe 14 Mei 1931, baada ya kuzunguka sehemu za Voi akitafuta ndovu, ndege yake ilipaa, ikageuka, ikaanguka na kuwaka moto. Alikuwa na umri wa miaka 44. Pamoja naye alikufa mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Finch Hatton alizikwa Ngong, mahali ambapo wakati huo palikuwa ndani ya hifadhi, na kaka yake akamjengea mnara wenye kibao cha shaba. Karen ameandika kwamba aliletewa habari kuwa simba walionekana mara nyingi wakilala juu ya kaburi lile. Yeye mwenyewe alikwisha kufilisika na kurudi Denmark mwaka huo huo wa 1931, na shamba lake likakatwa viwanja. Mtaa huo ndio Karen ya leo.

Yaliyofuata

Nyika ya Voi alikofia haikubaki bila mwenyewe. Mwaka 1948 ilifanywa Mbuga ya Tsavo. Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, walikuwa wamewinda ndovu huko kwa upinde na sumu tangu zamani, na katika msako wa miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walitiwa gerezani. Baadaye wakubwa walifikiri upya, na mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, kando ya mbuga, ili Waata wawinde kwa halali chini ya usimamizi. Lilikuwa wazo jema, lakini Waata waliingia kama vibarua, si kama wenye mali, na mpango haukudumu. Ardhi ile ikageuka ranchi kubwa.

Mnamo Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, katika ardhi ya umma na ya watu binafsi. Ranchi chache baadaye zilipewa ruhusa ya kuchinja idadi maalumu ya wanyama wao, na ndiyo sababu kwa miaka mingi mkahawa wa Carnivore, pale Lang'ata, si mbali na Kibera, uliweza kuuza nyama ya pundamilia na kongoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ruhusa hiyo nayo ilifutwa. Tanzania ilishika njia nyingine, ikaendelea kukodisha vitalu vya uwindaji. Ubishi juu ya njia iliyo bora haujaisha, kwa kuwa wanyama wengi wa Kenya hutembea nje ya mbuga, katika ardhi za wafugaji na wakulima, wala hawasomi mipaka.

Maisha ya Finch Hatton yatufundisha nusu ya jibu. Alijua kwamba mnyama huhitaji mtu wa kusema hapana, awe ni mwenye shamba au serikali. Nusu ya pili haikumpata akilini, wala haikuwapata wenzake: kwamba jirani wa mnyama naye lazima awe na neno na fungu, ama sivyo hataona sababu ya kumtunza. Kibao cha shaba kule Ngong kina jina la Denys Finch Hatton. Kamau, aliyekuwa karibu naye hadi dakika ya mwisho, alikufa katika moto ule ule, na vitabu vilivyoandikwa juu ya bwana wake vimempa mstari mmoja au miwili tu.