Profesa Ali Mazrui: Mtoto wa Kadhi Aliyeionyesha Dunia Afrika

Ndugu msomaji, ukipata nafasi baada ya Swala ya Ijumaa, panda mnara wa Msikiti wa Taifa hapa Old Kampala. Utaona Kibuli na msikiti wake, Rubaga na Namirembe na makanisa yake, na Kasubi walikozikwa wafalme wa Buganda. Kilima unachosimama juu yake ndicho Kapteni Lugard alichojengea ngome mwaka 1890. Miaka miwili baadaye bunduki zake ziliwapa Waprotestanti ushindi juu ya Wakatoliki, na Waislamu walikuwa wamekwisha kufukuzwa katika mji mkuu. Mila za Kiafrika, Uislamu na Magharibi zimekutana hapa, mara kwa amani, mara kwa damu. Marehemu Profesa Ali Mazrui, aliyefundisha Kampala kwa miaka kumi, alilifanya jambo hilo kuwa somo la maisha yake.

Alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa na Kadhi Mkuu wa Kenya, naye alitamani mwanawe asome Al-Azhar. Sheikh alifariki mwaka 1947. Kijana akafanya mtihani wa Cambridge na kupata daraja la tatu, matokeo yasiyotosha kumfikisha Makerere. Akawa karani katika chuo cha elimu ya Waislamu Mombasa. Siku moja ya Maulidi, Gavana Sir Philip Mitchell alimsikia akihutubia, akavutiwa, na njia ya kwenda kusoma Uingereza ikafunguka. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia, New York, mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966.

Makerere, ambayo asingeingia kama mwanafunzi, ilimpokea kama mhadhiri mwaka 1963. Baada ya miaka miwili tu alikuwa profesa, kisha mkuu wa kitivo. Hakuogopa wakubwa. Mwaka 1966, katika jarida la Transition lililochapishwa hapa Kampala, alimkosoa Kwame Nkrumah wakati wengi walimtukuza. Idi Amin aliposhika nchi, Mazrui alisema wazi kuhusu maovu yake, ingawa Amin alikuwa Mwislamu mwenzake. Mwaka 1973 ilimbidi aondoke. Akahamia Marekani, akafundisha Michigan, kisha Binghamton.

Huko ndiko alikoishika kamera. Mwaka 1986 televisheni za BBC na PBS zilionyesha vipindi tisa alivyoviandika na kuviongoza kama msimulizi, The Africans: A Triple Heritage. Aliwaeleza watazamaji kwamba Mwafrika ni mrithi wa mambo matatu: mila zake, Uislamu na Magharibi. Aliona kwamba nchi zetu zinayumba kwa sababu zilichukua taasisi za wageni bila kuzipandikiza katika mizizi ya wenyewe.

Lawama zilimjia pande zote. Mfuko wa serikali ya Marekani, National Endowment for the Humanities, ulikuwa umechangia dola 600,000 hivi. Mwenyekiti wake, Lynne Cheney, aliona filamu inaishutumu Magharibi, akataka jina la mfuko huo liondolewe. Wole Soyinka wa Nigeria naye alimlaumu kwa kuupa Uislamu nafasi kubwa kuliko dini za asili. Mazrui hakunyamaza, aliwajibu kwa kalamu. Miaka michache baadaye alikaa katika kamati ya jimbo la New York iliyopitia masomo ya historia mashuleni, ili watoto wa kila asili wajione humo.

Alifariki Marekani tarehe 12 Oktoba 2014, akarudishwa Mombasa na kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ndugu zangu, wako miongoni mwetu wanaoona haya kutaja kabila lao msikitini, na wengine wanaoficha dini yao darasani. Profesa Mazrui alibaki Mswahili, Mwislamu na msomi wa Oxford kwa wakati mmoja, wala hakuomba radhi kwa lolote kati ya hayo. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie elimu yenye ujasiri kama wake. Amin.