Grace Hopper, mwanamke aliyefanya kompyuta isome maneno ya watu

Programu za simu na kompyuta huandikwa kwanza kwa maneno, kisha hugeuzwa kuwa namba ambazo mashini inaelewa. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo ni Grace Hopper, mwanahesabu na mwanajeshi wa Marekani, aliyefariki tarehe 1 mwezi wa kwanza 1992 akiwa na miaka 85.

Alizaliwa New York mwaka 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa za nyumbani kwao ili aone zinavyotembea. Mwaka 1934 alipata udaktari wa hesabu katika chuo kikuu cha Yale, huku akiwa tayari mwalimu katika chuo cha Vassar.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliomba kuingia jeshi la majini. Alionekana ana umri mkubwa na uzito mdogo kuliko sheria ilivyotaka, lakini alipewa ruhusa ya pekee mwezi wa kumi na mbili 1943. Mwaka uliofuata alitumwa Harvard, kwenye kompyuta Mark I yenye urefu wa karibu mita 15.

Tarehe 9 mwezi wa tisa 1947, mafundi wa Mark II walikuta kipepeo cha usiku kimekwama ndani ya mashini. Walikibandika kwenye daftari la kazi, pamoja na saa na mahali kilipoonekana. Si Hopper aliyekikuta, ila alisimulia kisa hicho kwa miaka mingi. Daftari hilo linahifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Mwaka 1952 alimaliza A-0, programu iliyokusanya vipande vya maagizo na kuviunganisha. Wengi hawakuamini kwamba kompyuta inaweza kufanya zaidi ya hesabu. Hopper aliendelea, akaongoza kazi ya FLOW-MATIC, lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza. Kutoka hapo ilizaliwa COBOL, ambayo benki na serikali nyingi zilitumia.

Mpaka leo, programu ikigeuzwa kuwa namba, inaweza kubaki na alama zinazoonyesha kila namba imetoka mstari gani. Alama hizo humsaidia fundi kutafuta kosa, lakini huongeza uzito wa programu. Kwa hiyo huondolewa kabla ya kuisambaza, na programu hutembea vilevile. Hata hivyo, fundi mwangalifu huweka nakala yenye alama zote. Asiyeiweka, siku programu inapoanguka mikononi mwa watu, anabaki na namba tupu, hajui kosa liko wapi. Mafundi wa Mark II walijua hilo: kosa likionekana, liandikwe lilipotokea.

Hopper alistaafu mwaka 1986 akiwa admirali mwenye miaka 79. Alizikwa Arlington kwa heshima za kijeshi. Mwaka 2016, Rais Barack Obama alimtunukia Medali ya Uhuru, miaka 24 baada ya kifo chake.