Louis Armstrong na Papa Joe, mwalimu wake

Mwezi wa Oktoba 1960, miezi minne tu baada ya uhuru wetu, Mmarekani mweusi mwenye tarumbeta alifika Léopoldville, na watu wakambeba juu ya kiti kama chifu. Mwezi uliofuata alipiga Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakati Katanga ilikuwa imejitenga. Serikali ya Marekani ndiyo iliyomtuma, na siasa ya safari ile tunaiacha kando. Leo tunauliza jambo dogo zaidi: Louis Armstrong alifundishwa na nani?

Alizaliwa New Orleans tarehe 4 Agosti 1901. Baba yake aliiacha nyumba mapema, na mama yake, Mayann, alikuwa maskini. Usiku wa kuamkia mwaka 1913, mji ukishangilia, kijana huyo alifyatua bastola barabarani. Polisi wakamkamata, akapelekwa katika nyumba ya kurekebisha watoto weusi. Mle ndani mlikuwa na kikundi cha matarumbeta, na mwalimu wake aliitwa Peter Davis. Kwanza Davis hakumwamini, kwa sababu ya mtaa alikotoka. Alimpa tari, kisha ngoma, kisha pembe ya kusindikiza, kisha baragumu la kuwaita watoto, na mwisho korneti, ambayo ni kama tarumbeta fupi. Hatusifu dharau ile ya mwanzo, lakini utaratibu wenyewe tunaupenda: mtoto alishika mapigo ya muziki kwanza, kabla ya kutafuta nota za juu.

Alipotoka mwaka 1914 hakuwa na fedha za kulipia masomo. Alisambaza makaa ya mawe kwa mkokoteni. Joe Oliver, mpiga korneti aliyesifiwa kuliko wengi mjini, alikubali kumfundisha kwa malipo ambayo kijana aliyaweza: Louis alitumwa huku na huku na Stella, mke wa Oliver, na mwalimu akampa masomo. Alikula pia mezani kwao. Oliver akampa hata korneti yake ya zamani. Louis alimwita Papa Joe, na neno hilo hatuna haja ya kulieleza kwa Wakongomani.

Oliver alipohamia Chicago, Louis alichukua nafasi yake katika kikundi cha Kid Ory. Kusoma nota vizuri alijifunza baadaye, akipiga katika meli za mto Mississippi, kwa msaada wa mwenzake David Jones. Wale wetu wanaodai kwamba nota zinaua kipaji watazame hapo.

Mwaka 1922 Oliver alimwita Chicago awe korneti ya pili pembeni mwake. Mwaka 1923 walirekodi sahani zao za kwanza, na inasimuliwa kwamba Louis aliwekwa mbali na wenzake kwa sababu sauti yake ilimfunika mwalimu. Mke wake Lil Hardin, mpiga piano wa kikundi hicho, alimsukuma aondoke akasimame peke yake. Aliondoka mwaka 1924. Mwaka 1928 alirekodi West End Blues, ambayo mwanzo wake, anaopiga bila kusindikizwa, wapiga tarumbeta wanaujifunza hata leo. Aliyetunga wimbo huo ni Oliver.

Walimu wa matarumbeta wasikilize na hili. Armstrong alikuwa akikandamiza kipulizio mdomoni kwa nguvu nyingi, na kosa hilo halikunyooshwa mapema. Miaka ya 1930 midomo yake ilipasuka vibaya, hata akalazimika kupumzika kwa miezi. Anayeanza leo apate mtu wa kumtazama midomo, si wa kumsikiliza tu.

Oliver naye aliharibiwa na ugonjwa wa fizi. Meno yakaisha, kazi ikaisha. Mwaka 1937 Armstrong, akiwa tayari tajiri, alipita Savannah akamkuta Papa Joe akiuza mboga barabarani. Alimpa fedha alizokuwa nazo mfukoni, na wanamuziki wenzake wakaongeza. Mwaka uliofuata Oliver alifariki. Armstrong aliishi hadi tarehe 6 Julai 1971, na katika maandishi yake hakuacha kumtaja Papa Joe kuwa ndiye aliyemfungulia njia.