Jules Ferry: Waziri aliyeilazimisha Ufaransa kusoma

KATIKA mji mdogo wa Saint-Dié, chini ya milima ya Vosges mashariki mwa Ufaransa, amezikwa mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye malango ya shule nyingi za nchi hiyo. Huyo ni Jules Ferry, wakili, mwanahabari na mwanasiasa aliyeaga dunia mwaka wa 1893.

Ferry ndiye aliyesimamia sheria ya Machi 28, 1882, iliyomlazimu kila mzazi nchini Ufaransa kuhakikisha kwamba mwanawe, awe wa kike au wa kiume, amepata elimu. Hata hivyo, sheria hiyo haikumlazimu mtoto kwenda shuleni. Ilimlazimu kuelimishwa. Tofauti hiyo ambayo wengi huenda wasiitambue ilikuja kuzua mjadala mkali karibu miaka 140 baadaye.

Ferry alizaliwa Aprili 5, 1832, katika mji uo huo wa Saint-Dié. Baba yake alikuwa wakili, naye kijana akafuata nyayo za mzazi wake. Alisomea Strasbourg kabla ya kuhamia Paris, ambako alikubaliwa kuwa wakili mwaka wa 1851. Desemba mwaka huo, Louis-Napoléon Bonaparte aliipindua Jamhuri, na mwaka mmoja baadaye akajitawaza kuwa mfalme kwa jina la Napoléon III.

Ferry hakuukubali utawala huo kamwe. Alijiunga na wanahabari waliokuwa wakiukosoa, na mnamo 1868 akajipatia sifa kwa makala yaliyofichua jinsi fedha zilivyokuwa zikitumiwa kiholela katika kulijenga upya jiji la Paris. Mwaka uliofuata wakazi wa jiji hilo walimchagua kuwa mbunge.

Mnamo Aprili 10, 1870, alitoa hotuba ambayo ilitabiri maisha yake yote ya baadaye. Aliwaeleza wasikilizaji wake kwamba ubaguzi wa kuzaliwa ungali hai maadamu mtoto wa tajiri anasoma na wa maskini hasomi. Aliongeza kwamba demokrasia haiwezi kusimama iwapo wasichana watanyimwa elimu wanayopewa kaka zao. Aliahidi kwamba kati ya matatizo yote ya zama zake, hilo la elimu ndilo atakalolitolea nguvu na moyo wake.

Kabla hajapata nafasi ya kuitimiza ahadi hiyo, vita vilizuka. Ufaransa ilishindwa vibaya na Prussia pamoja na washirika wake, na jiji la Paris likazingirwa. Ferry alikabidhiwa usimamizi wa jiji, na ikawa jukumu lake kugawa mkate usiotosha. Wakazi wenye njaa walimchukia mno, wakalifunga jina lake na neno njaa. Lakabu hiyo ilimfuata kwa miaka mingi.

Vita vilipomalizika mwaka wa 1871, Alsace na sehemu ya Lorraine zilichukuliwa na Ujerumani. Mpaka ukasogea hadi milima ya Vosges, karibu na nyumbani kwao. Wafaransa wengi waliamini kwamba aliyewashinda hakuwa askari wa Prussia bali mwalimu wake. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alikuwa ameagiza watoto wapelekwe shuleni tangu mwaka wa 1763, ilhali Ufaransa, nchi ya Mapinduzi ya 1789, ilikuwa bado haimlazimishi mzazi.

Mwalimu kwanza, kisha karo

Februari 1879, Ferry aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu ya Umma. Alianza kazi kwa mpangilio ambao hadi leo wengi husifu.

Kwanza alishughulikia walimu. Sheria ya Agosti 9, 1879, ilitaka kila mkoa uwe na chuo cha kufunza walimu wa kiume na kingine cha walimu wa kike. Pili, karo ikaondolewa. Kuanzia Juni 16, 1881, masomo katika shule za msingi za umma yakawa ya bure. Ni baada ya hayo mawili ndipo serikali ilipomgeukia mzazi na kumwambia kuwa sasa hana kisingizio.

Sheria ya 1882 iliwahusu watoto wa miaka 6 hadi 13. Mzazi alipewa njia tatu: kumpeleka mtoto katika shule ya umma, kumpeleka katika shule ya kibinafsi, au kumfundisha nyumbani. Baba angeweza kufundisha mwenyewe au kumteua mtu mwingine yeyote afanye kazi hiyo. Alichotakiwa kufanya ni kumjulisha meya uamuzi wake angalau siku 15 kabla ya masomo kuanza.

Uhuru huo haukuachwa bila ukaguzi. Mtoto aliyesomea nyumbani alitakiwa kufanya mtihani kila mwaka, kuanzia mwisho wa mwaka wa pili wa masomo ya lazima. Iwapo angeonekana hajui vya kutosha na kusiwe na sababu ya kuridhisha, wazazi wake walipewa siku nane za kumwandikisha katika shule yoyote waliyoitaka.

Waliosajiliwa shuleni nao walifuatiliwa. Mtoto akikosa masomo mara nne kwa mwezi, hata kama ni nusu siku tu kila mara, baba yake aliitwa mbele ya tume ya shule. Akirudia kosa, jina lake lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya meya ili wote walione. Akikaidi tena, alifikishwa mbele ya hakimu, ambako angeweza kutozwa faini au kufungwa jela kwa siku chache.

Ni kweli kwamba Ferry hakuanzia patupu. Tangu mwaka wa 1833 miji na vijiji vilikuwa vimeagizwa kuwa na shule, na watoto wengi walikuwa tayari wamesajiliwa. Tatizo kubwa lilikuwa mahudhurio. Msimu wa mavuno ulipofika, madawati yalibaki matupu kwa kuwa mikono ya watoto ilihitajika mashambani. Sheria yenyewe ilikiri ukweli huo wa maisha, ikaruhusu tume kutoa likizo ya ziada ya hadi miezi mitatu kwa mwaka.

Upinzani wa Kanisa

Upinzani mkali zaidi ulitoka kwa Wakatoliki na wafuasi wa ufalme. Ferry alikuwa amejaribu kuwazuia watawa wa mashirika yasiyo na kibali kufundisha. Baraza la Seneti lilipokataa pendekezo hilo, serikali ilitumia amri za Machi 1880 kuwafurusha Wajesuiti. Isitoshe, sheria ya 1882 iliondoa somo la dini katika shule za umma na mahali pake likawekwa somo la maadili na uraia. Siku moja ya wiki, mbali na Jumapili, iliachwa huru ili wazazi waliotaka wawapeleke watoto wao kufundishwa dini nje ya shule.

Wapinzani walidai kwamba Serikali inawapokonya akina baba watoto wao. Watetezi wa sheria walijibu kwamba hakuna baba aliye na haki ya kumwacha mwanawe gizani. Baadhi ya maaskofu walivikataza vitabu vipya vya maadili, na Roma ikaviorodhesha vinne miongoni mwa vitabu vilivyopigwa marufuku.

Mnamo Novemba 17, 1883, Ferry aliwaandikia barua walimu wa nchi nzima. Aliwashauri kwamba kabla ya kutamka jambo lolote darasani, wajiulize kama yupo baba mmoja mwaminifu ambaye angechukizwa endapo angekuwapo akisikiliza. Kama yupo, basi wanyamaze. Mtu aliyetunga sheria ya kuwalazimisha wazazi ndiye aliyewataka walimu wawaheshimu wazazi hao. Yeye na mkewe, Eugénie Risler, waliyefunga ndoa mwaka wa 1875, hawakujaliwa mtoto.

Doa la ukoloni

Maisha ya Ferry yana upande mwingine ambao Mwafrika hawezi kuupuuza. Waziri huyo wa elimu, aliyekuwa pia Waziri Mkuu mara mbili, ndiye aliyeinyakua Tunisia mwaka wa 1881 na kutuma majeshi Madagascar na kaskazini mwa Vietnam. Habari za kurudishwa nyuma kwa askari huko Lang Son zilimwangusha mamlakani Machi 1885.

Julai mwaka huo alisimama bungeni na kudai kwamba watu wa jamii alizoziita bora wana haki juu ya jamii duni kwa sababu wana wajibu wa kuzistaarabisha. Mpinzani wake, Georges Clemenceau, alimjibu siku chache baadaye na kuyapinga mawazo hayo hadharani. Usawa ambao Ferry alikuwa ameuhubiri mwaka wa 1870 ulikomea kwa Wafaransa. Nchini Algeria, watoto wengi wa Kiislamu waliendelea kukosa shule, huku walowezi wakipinga kutumiwa kwa fedha kuwasomesha.

Mwaka wa 1887 alikosa urais, na siku chache baadaye akapigwa risasi na kujeruhiwa ndani ya jengo la bunge. Alipoteza kiti chake cha ubunge mwaka wa 1889, akarejea kama seneta mwaka wa 1891. Mwaka uliofuata aliongoza tume ya Seneti iliyozuru Algeria, na ripoti yake iliwakosoa walowezi vikali. Alichaguliwa kuwa Rais wa Seneti Februari 1893, lakini akafariki Machi 17, wiki chache tu baada ya kuchukua wadhifa huo. Alikuwa ameomba azikwe akiielekea milima ya Vosges.

Sheria yake iliendelea kukua. Umri wa elimu ya lazima uliongezwa hadi miaka 14 mwaka wa 1936, kisha 16 mwaka wa 1959. Mwaka wa 2019 umri wa kuanza ulishushwa hadi miaka mitatu. Kwa muda huo wote mzazi aliendelea kuwa na uhuru wa kufundisha nyumbani baada ya kutoa taarifa, tofauti na Ujerumani, ambako sheria humtaka mtoto afike shuleni kwenyewe.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2021. Serikali ya Ufaransa, ikisema inapambana na makundi yanayowatenga watoto na jamii, ilipitisha sheria iliyomtaka mzazi aombe kibali kwanza. Kibali hutolewa kwa sababu maalumu kama vile ugonjwa, ulemavu, michezo au sanaa inayohitaji muda mwingi, au familia kuhamahama. Utaratibu huo ulianza Septemba 2022.

Waliopinga walikimbilia maneno ya Ferry, wakisema Jamhuri iliwahakikishia wazazi haki hiyo tangu 1882. Baraza la Katiba liliisoma upya sheria hiyo ya kale na, Agosti 13, 2021, likaamua vinginevyo. Lilieleza kwamba kufundisha nyumbani kulikuwa njia mojawapo tu ya kutimiza wajibu wa elimu, wala si haki ya kikatiba inayosimama peke yake.

Hivyo mlango ambao Ferry aliuacha wazi ungali upo, ila sasa mzazi sharti abishe hodi na kusubiri jibu.