Mendeleev na Nafasi Zilizoachwa Wazi

Mrusi huyu, Dmitri Mendeleev, nampa heko. Alizaliwa Siberia mwaka wa 1834. Babake alikufa, kisha kiwanda cha vioo cha mamake kikateketea. Mama akasafiri naye mbali kumtafutia chuo, akafariki mwaka wa 1850 kijana akiwa ndio kwanza ameingia.

Mwaka wa 1869 alipanga elementi katika jedwali. Lithiamu, sodiamu na potasiamu, zote zinazochachamaa majini, potasiamu ikizidi ukali, akaziweka ukoo mmoja. Palipokosa elementi hakujaza ovyo, bali aliacha wazi akatabiri. Wengi walishuku. Kumbe! Galiamu ikapatikana mwaka wa 1875, ndipo wakaanza kusadiki. Alifariki mwaka wa 1907. Pengo si aibu, jamani.