Mo Amin: Mpiga picha wa mtaani aliyelipa mwenyewe

Siku hizi kila mwanachuo ni mpiga picha. Bodaboda ikigongana na gari pale getini, kabla mtu wa kwanza hajaita msaada, simu kumi zimeshainuliwa juu. Jioni yake picha ya majeruhi inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, haina jina wala maelezo, na aliyeipiga yuko kantini anakula wali maharage. Kwa hiyo safari hii nimeona nimwelezee mtu ambaye maisha yake yote aliinua kamera mahali ambapo wenzake walikuwa wanakimbia. Jina lake Mohamed Amin, marafiki walimwita Mo. Wengi wanamjua kwa picha za njaa ya Ethiopia. Wasichojua wengi ni kwamba kazi hiyo aliianzia Dar es Salaam, kwenye mitaa hii hii tunayogombania daladala.

Kwanza nipite nyumbani kidogo. Mimi ni mtu wa Nyakakika, Karagwe. Kwetu historia ya picha inaanza na picha ambazo hazikupigwa. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika. Grant alikuwa ameanza safari yake na kamera, na mwaka 1860 alipiga picha Zanzibar, ikiwemo soko la watumwa. Lakini kazi ya kusafisha picha ndani ya hema lenye joto ilimshinda, vifaa vikarudishwa pwani, na huku bara akabaki na penseli. Ndiyo maana Rumanyika wa siku zile tunamwona kwenye mchoro wa mgeni. Kwa miaka mingi baada ya hapo kamera iliendelea kuwa mali ya anayepita: msafiri, mmisionari, ofisa wa serikali ya kikoloni. Anapiga, anaondoka, na picha inaondoka naye.

Mtaani kamera ilishushwa zaidi na wenye studio wa pwani, wengi wao wakiwa na asili ya Goa na Gujarat. Zanzibar kulikuwa na A. C. Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe. Hawa walikuwa wakazi. Uliyempiga picha leo kesho unakutana naye sokoni, na kama umemharibia sura atakuambia. Mo alitokea katika dunia hiyo ya watu wanaopiga picha mahali wanapoishi.

Alizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943, katika familia iliyotoka Punjab. Baba yake alifanya kazi reli, na kazi hiyo ikaileta familia Tanganyika. Mo akasoma Dar es Salaam. Bado mtoto alipata kamera ya Box Brownie iliyokwisha kutumika, aina ile ya kisanduku ambayo huwezi kuichezea sana: unasimama vizuri, unasubiri mwanga, unabonyeza. Shuleni akajifunza kusafisha filamu, halafu akaanza kuuza picha magazetini, zikiwemo za mashindano ya magari ya Safari. Hakuwa na cheti cha uandishi wa habari. Alichokuwa nacho ni miguu na subira. Mwaka 1963, akiwa na miaka kama 20, alianzisha kampuni yake, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam. Fikiria, huo ni umri wa mwaka wa kwanza au wa pili hapa chuoni.

Januari 1964 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, na Mo akawa miongoni mwa waliopeleka picha zake nje. Kisiwa kile kilikuwa karibu naye na alikifahamu, akaendelea kurudi. Mwaka 1966 alifilamu mafunzo ya kijeshi yaliyokuwa yakitolewa Zanzibar na wataalamu kutoka Urusi na Ujerumani Mashariki, jambo ambalo wakubwa hawakutaka lionekane. Alikamatwa, akatiwa gereza la Kiinua Miguu kwa karibu mwezi mzima, akateswa, kisha akafukuzwa nchini. Akahamia Nairobi akaanza upya. Hebu tuliangalie hili vizuri. Aliyelipia picha zile alikuwa yeye, kwa mwili wake na kwa mji aliokulia.

Lakini maisha yake hayakuwa mepesi kusifia namna hiyo kila mara. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya, waziri wa serikali ya Kenya, alipigwa risasi akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Mo alifika haraka, akafilamu hadi ndani ya gari la wagonjwa wakati daktari anahangaika kumrudishia uhai. Kwa kazi hiyo alipewa Uingereza tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka. Hapa mimi huwa nakwama. Mboya hakuweza kukubali wala kukataa. Familia yake ilikuwa haijazika. Mtu anaweza kusema kwamba bila picha zile nchi ingeachiwa uvumi mtupu kuhusu kifo kilichoitikisa, na ni kweli. Mtu mwingine anaweza kusema mtu anayekata roho anastahili kufunikwa shuka, na huyo naye ana haki. Picha ile ilichukua kitu kwa mtu asiyeweza kujitetea, na tuzo haifuti deni hilo.

Miaka iliyofuata alizunguka sana. Alimpiga picha Idi Amin mara nyingi, alifilamu Hija ya Makka, na pamoja na Duncan Willetts alitoa vitabu vya picha vya nchi zetu, kikiwemo cha Tanzania mwaka 1984. Mwaka huo huo ndipo ikaja Korem. Kaskazini mwa Ethiopia watu walikuwa wanakufa kwa njaa kwa maelfu, huku serikali ya Mengistu ikiwa imetoka kusherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake na haitaki waandishi kule. Mo alihangaikia vibali mpaka vikapatikana, akaenda na Michael Buerk wa BBC. Filamu ilionyeshwa tarehe 23 Oktoba 1984, na baadaye vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani vikaionyesha. Misaada ikaanza kumiminika. Wanamuziki wa Uingereza wakarekodi wimbo wa kuchangisha fedha, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja.

Wapo wanaosema picha zile zilitubandika waafrika sura ya njaa ambayo mpaka leo haijabanduka. Nakubaliana nao kwa sehemu. Watu wa Korem walionekana na dunia nzima, na karibu wote bila majina. Lakini tukiweka Korem na ile picha ya getini kwenye mizani moja, tofauti inaonekana. Watu wa Korem walipata chakula kwa sababu walionekana. Majeruhi wetu wa getini amepata nini kwa kuonekana?

Juni 1991 Mo alikuwa Addis Ababa, serikali ya Mengistu ikiwa imeanguka. Ghala la silaha lililipuka. Mwenzake wa sauti, John Mathai, alifariki pale pale, na Mo alipoteza mkono wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini na kamera. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watekaji watatu waliiteka wakitaka ipelekwe Australia. Mafuta yaliisha, ndege ikaangukia baharini karibu na fukwe za Ngazija, Komoro. Watu 125 kati ya 175 walifariki, Mo akiwa mmojawapo pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Alikuwa na miaka 53.

Sasa sisi tunachukua nini hapo? Sisemi tukatafute gereza au bomu. Nasema kila picha ya mtu ina gharama, na lazima yupo anayeilipa. Zanzibar Mo alilipa mwenyewe. Kwa Mboya sehemu kubwa alilipa aliyepigwa. Korem walilipa walioonekana, lakini walirudishiwa kitu. Picha nyingi za simu zetu analipa aliyepigwa peke yake, kwa aibu, na mpigaji anaondoka na sifa za siku moja. Yaani tumerudi kwa yule mgeni anayepita, ila safari hii mgeni ni sisi wenyewe.

Linatuhusu zaidi sisi wa ualimu. Tukienda mazoezi ya kufundisha, wiki ya kwanza tu picha za watoto wa watu zinajaa mtandaoni: sweta limechanika, miguu peku, darasa halina madawati, na mwalimu mtarajiwa katikati anatabasamu. Mzazi hakuulizwa. Mtoto hana jina. Dawati halijaongezeka. Kama unataka uhaba wa madawati uonekane, piga madawati, andika idadi, peleka kwa mkuu wa shule na kwa diwani, na uwe tayari kuulizwa kwa nini umepiga. Mtoto mwache asome.

Na kwetu vijijini tusiwasahau wapiga picha wa mnadani na wa harusi, wale waliokuwa wanakuja na kamera ya filamu, wanachukua malipo ya awali na kukuletea picha baada ya wiki mbili. Waliandika nyuma ya picha jina na tarehe, kwa sababu bila hivyo wasingejua ampe nani. Kazi za Mo zimetunzwa Nairobi na Camerapix, chini ya mwanawe Salim. Za hawa wengine ziko kwenye masanduku ya bati, zinaliwa na unyevu. Likizo hii ukifika nyumbani, fungua sanduku, muulize bibi ni nani huyu na ni mwaka gani, uandike nyuma kwa penseli. Kwa kazi hiyo hata simu huihitaji.