Stanley Cockerell: Rubani aliyeangukia Tabora, akaibuka na pauni 10,000

Shabiki anayepanda treni ya Reli ya Kati kuifuata timu yake Tabora hupita Tura kabla hajaingia mjini. Leo ni kituo kidogo tu, lakini enzi za misafara ya wapagazi lilikuwa jina la raha. Ukishavuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, Tura ndipo Unyamwezi ulipoanzia, na jina lenyewe husemwa lina maana ya kutua mzigo. Msafara wa Waingereza Burton na Speke ulipita hapo mwaka 1857, ukaingia Kazeh, Tabora ya leo, siku ya 134 tangu uondoke pwani.

Miaka 62 baadaye alikuja Mwingereza mwingine, ila huyu alitokea angani, kaskazini, na Tabora kwake kilikuwa kituo cha kujaza mafuta tu. Aliitwa Stanley Cockerell. Alikuwa kwenye mbio, tena mbio kubwa: nani atakuwa wa kwanza kuruka kutoka Cairo hadi Cape Town.

Cockerell alizaliwa Februari 1895. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza aliingia jeshi la anga la Uingereza akiwa kijana wa pikipiki, kazi yake kupeleka barua. Hakukaa sana kwenye pikipiki. Alifundishwa urubani, akapelekwa Ufaransa na kikosi namba 24, na hadi vita inakwisha alikuwa amehesabiwa ushindi wa ndege 7 za adui. Kwa vita ile, ambayo marubani wengi hawakumaliza hata msimu mmoja, kutoka mzima peke yake ni rekodi.

Amani iliporudi alichukuliwa na kampuni ya Vickers kuwa rubani wa majaribio, yaani mtu wa kwanza kukaa kwenye ndege ambayo hakuna anayejua kama itaruka vizuri. Ndege aliyopewa kwa safari ya Cape ilikuwa Vimy Commercial, ya injini mbili za Rolls-Royce, mabawa ya juu na ya chini, yenye nafasi ya abiria 10. Kwa macho ya leo ni ndege ndogo, na hata ikikimbizwa mpaka mwisho haikufika kilomita 160 kwa saa. Kuna madereva wa mabasi ya mikoani wangeona aibu.

Kikosi kilikuwa cha watu watano. Cockerell na mwenzake Frank Broome walishika usukani, mafundi walikuwa James Wyatt na Claude Corby, na abiria alikuwa Peter Chalmers Mitchell, bosi wa bustani ya wanyama ya London, aliyekuwa anaandikia gazeti la The Times. Waliondoka Uingereza Januari 24, 1920, na Cairo wakaiacha Februari 6.

Hawakuwa peke yao. Pierre van Ryneveld na Quintin Brand wa Afrika Kusini waliondoka na ndege yao, Silver Queen, Februari 4. Wengine waliingia na ndege kubwa ya Handley Page, ambayo ilivunjikia Sudan. Silver Queen nayo iliharibikia Korosko, karibu na mpaka wa Misri na Sudan. Mpaka hapo Cockerell alikuwa bado anaruka, lakini hali haikuwa nzuri. Injini zake zilipozwa kwa maji, na maji yalivuja. Mara kadhaa alilazimika kushuka njiani ili mafundi wazibe na kujaza upya. Kila dereva wa lori anaijua taabu hiyo: rejeta ikivuja, injini inachemsha, na safari inageuka kuwa ya kuvizia. Tofauti ni kwamba lori likichemsha unaegesha pembeni.

Viwanja vyenyewe vilikuwa vimekatwa porini mwaka mmoja tu kabla. Wapimaji wa jeshi walipita mwaka 1919 wakachagua mahali, wananchi wakafyeka miti na kusawazisha. Adui mkubwa alikuwa kichuguu. Ndola, mji unaojulikana na mashabiki wetu kwa mechi za Zambia, watu 700 walitumikishwa miezi mitano kuondoa tani 25,000 za udongo wa vichuguu. Hawa majina yao hayamo kwenye kitabu chochote cha mbio hizi, ingawa bila wao hakuna ndege ambayo ingetua.

Basi ndiyo ikawa Tabora. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Februari jua lake halina utani. Wapenzi wa soka wanafahamu habari ya urefu: timu ikienda Addis Ababa au La Paz, wachezaji wanahema kipindi cha pili hata hakijaanza. Hewa ni nyepesi. Injini nayo inahema vilevile, maana bila hewa ya kutosha petroli haiungui kwa nguvu. Bawa pia hukosa kitu cha kukishikilia, na joto linaifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Ndege ileile iliyopaa kirahisi kwenye baridi ya Uingereza, Tabora ilihitaji uwanja mrefu zaidi na injini zote mbili zikiwa nzima.

Februari 27, 1920, Cockerell alifungulia injini, ndege ikakimbia, ikainuka. Injini mojawapo ikagoma. Kwa mzigo ule, kwa hewa ile, injini moja haikutosha. Rubani hakuwa na urefu wa kugeuza arudi uwanjani. Aliishusha porini palepale, ikavunjika vibaya, haikufaa tena kuruka. Wote watano walitoka hai.

Lawama? Ni rahisi kusema angesubiri injini ikaguliwe upya. Lakini huo ndio ugonjwa wa mbio: kila siku unayokaa chini, mwenzako yuko juu. Na wenzake walikuwa juu kweli, maana van Ryneveld na Brand walishapewa ndege ya pili, wakaondoka nayo Cairo Februari 22. Hiyo nayo ikashindwa kupanda Bulawayo Machi 6, mji mwingine wa juu. Serikali ya Afrika Kusini ikawapa ya tatu, wakaingia Cape Town Machi 20, wakalipwa pauni 5,000 kila mmoja na kupewa heshima ya kuitwa Sir. Kwa lugha ya uwanjani, walifanya sub mbili za ndege. Cockerell benchi lake lilikuwa tupu.

Jamaa hakukata tamaa. Desemba 1919 rubani mkubwa wa Vickers, John Alcock, aliyevuka Atlantiki bila kutua, alikufa kwenye ukungu Ufaransa akirusha Viking, ndege ya kutua majini na nchi kavu. Miezi michache baada ya Tabora, Cockerell alipanda Viking ya toleo la baadaye kwenye mashindano ya wizara ya anga ya Uingereza. Alishika nafasi ya kwanza, zawadi pauni 10,000. Novemba 1922 akairusha kwa mara ya kwanza Virginia, ndege ya mabomu iliyotumiwa na jeshi la Uingereza kwa miaka mingi.

Wa ajabu ni yule abiria. Chalmers Mitchell alitoka salama kwenye mabaki ya Tabora, akaanzisha bustani ya Whipsnade, na mwaka 1945 akagongwa na teksi nje ya bustani yake ya London, akafa.

Cockerell alikuwa ametangulia. Katika Vita Kuu ya kwanza alikuwa amepangiwa pia kazi ya kuwinda ndege za mabomu za Ujerumani usiku. Novemba 1940, miezi ambayo Ujerumani ilikuwa ikiipiga Uingereza usiku baada ya usiku, bomu lilimuua akiwa na umri wa miaka 45, pamoja na binti yake mdogo.